Siti binti Saad: Sauti Isiyokuwa na Bwana



Wengi wenu mmezoea kukuta hapa maisha ya watakatifu. Leo nawaletea maisha ya mwimbaji wa taarabu, mwanamke Mwislamu wa Unguja aliyefariki mwaka 1950. Msishtuke. Sina nia ya kumbatiza akiwa kaburini. Aliishi katika dini yake na akafa katika dini yake. Namleta kwa sababu mbili. Kwanza, ndiye mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki ambaye sauti yake iliwekwa kwenye santuri ikauzwa madukani, kwa hiyo kila dada mnayemsikia leo redioni kapita mlango aliofungua yeye. Pili, kuna suala la jina lake. Hilo limenikaa kichwani tangu nilipotumwa huku Utende kwa mwaka wangu wa kichungaji.

Alizaliwa karibu mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kusini ya mji wa Unguja. Baba yake, Saad, alikuwa wa asili ya Kinyamwezi, na mama yake wa asili ya Kizigua. Ukisikia Mnyamwezi na Mzigua wamekutana Unguja karne ile, huhitaji kuuliza sana walifikaje. Soko la watumwa la mjini lilikuwa limefungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Unguja mpaka mwaka 1897. Binti huyu alizaliwa katikati ya miaka hiyo miwili, na jina alilopewa lilikuwa Mtumwa.

Hebu tulia hapo kidogo. Anaitwa kula, anaitwa kuteka maji, anaitwa na wenzake wakacheze, na kila mara neno linalotoka ni hilohilo. Mama Maria alijiita mtumishi, sawa, lakini alijiita mwenyewe, kwa hiari, mbele ya Mungu. Huyu aliitwa kabla hajajua kusema.

Na sisi wa Mafia tusidhani hizo ni habari za Unguja tu. Ukisimama pale ufukweni Utende, mahali watu wanaposubiri dau la kuvukia Chole, unakiona kisiwa ambacho zamani ndicho kilikuwa mji mkubwa wa huku, mji wa mabwana wa mashamba ya minazi, na kazi ya mashamba hayo ilifanywa na watumwa. Mafia ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar mpaka Wajerumani walipoichukua mwaka 1890. Hivyo sheria ya 1897 ya Unguja haikutugusa. Wajerumani hawakuufuta utumwa. Uliendelea mpaka Waingereza walipotunga sheria ya Tanganyika mwaka 1922. Yaani wakati Siti anaimba harusini mjini Unguja na watu wanajaa, hapa kwetu bado kulikuwa na mtu aliyekuwa mali ya mtu mwenzake, kisheria kabisa.

Kwao Fumba walikuwa wakulima na wafinyanzi. Mama alifinyanga vyungu, na binti akavitia kichwani akaenda kuviuza mjini kwa miguu, akinadi njiani. Shule hakwenda. Watu wengi wanaosimulia habari zake husema sauti yake iliivia hapo, kwenye kunadi vyungu, kwa sababu muuzaji asiyesikika mpaka ndani ya nyumba hurudi na mzigo wake. Nadhani wana haki. Ukisikiliza rekodi zake utaona sauti haibembelezi, inaita.

Mwaka 1911 alihamia mjini moja kwa moja. Huko akakutana na Muhsin Ali, mwanamuziki wa Ikhwani Safaa, klabu ya taarabu iliyoanzishwa mwaka 1905 na ambayo ipo mpaka leo. Muhsin akamfundisha kuimba kwa kufuata ala, na akamjulisha kwa wanamuziki wenzake. Baadaye kikundi kikatimia: Subeti Ambar, Buda Swedi, Mbaruk Talsam, Mwalimu Shaaban, na yeye mwanamke peke yake katikati ya udi, fidla na ngoma ndogo. Kwa wakati ule hilo peke yake lilikuwa jambo.

Ili muone alichofanya, lazima mjue taarabu ilikuwa nini kabla yake. Ilikuwa burudani ya jumba la Sultani. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyeuleta mtindo huo kutoka Misri, na hata akampeleka kijana Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza. Walioimba walikuwa wanaume, na lugha ilikuwa Kiarabu. Mpishi aliyekuwa jikoni pale ikulu alisikia wimbo mzuri, lakini maneno hayakuwa yake. Siti alijua kuimba kwa Kiarabu, na kwa Kihindi pia, na wakubwa walimwalika kwa sababu hiyo. Lakini aliimba Kiswahili. Usiku mmoja yuko kwenye nyumba ya tajiri wa Mji Mkongwe, au mbele ya Sultani Khalifa bin Harub mwenyewe, na usiku mwingine yuko nyumbani kwake Ng'ambo, upande wa pili wa kijito, walikoishi wachukuzi, wavuvi, vibarua na waliokuwa watumwa. Huko kwake watu waliingia wakasikiliza, mazoezi yakawa ndiyo maonyesho, na hoja za mtaani zikageuka nyimbo.

Hapo mjini ndipo Mtumwa alipoacha kuwa Mtumwa. Akaanza kuitwa Siti, neno lenye asili ya Kiarabu ambalo maana yake ni bibi, mwanamke wa heshima. Kuna walioudhika. Wapinzani walimtungia beti za kumdhalilisha, wakimkumbusha kwamba aliingia mjini amevaa kaniki, na kwamba bila ile sauti asingekuwa na cha kula. Kwa kijana wa leo kaniki ni kitambaa tu. Kwa mtu wa Unguja wa wakati ule, nguo ile nyeusi ya bei ya chini ilisema mvaaji alikuwa mali ya nani. Siti akajibu kwa wimbo. Hakudai kwamba ni mzuri wa sura, wala hakubuni ukoo. Alisema kwa namna yake kwamba sura na nasaba si hoja, na kwamba mtu hupimwa kwa akili aliyojaliwa. Kule seminari tulipomsoma Kant tulihangaika wiki nzima na tofauti aliyoiweka kati ya kitu chenye bei, ambacho unaweza kukibadilisha na kingine, na kiumbe chenye hadhi, ambacho hakina mbadala. Mwanamke ambaye hakukaa darasani hata siku moja aliipata hoja hiyo kutoka kwenye maisha ya watu waliowahi kuwekewa bei.

Tuje kwenye santuri zenyewe.

Miaka ya 1920 matajiri wa Zanzibar na Mombasa walikuwa tayari na gramafoni, ile mashine ya kuzungushwa kwa mkono kama unayejaza saa. Santuri walizonunua zilitoka Misri na India. Kiswahili hakikuwamo. Wafanyabiashara wakaona kwamba ukitaka kuuza mashine nyingi zaidi, sharti uuze na lugha ya wenye nyumba. Mwezi Machi 1928, Siti na wenzake wakasafirishwa mpaka Bombay kurekodi kwa kampuni ya Waingereza iliyojulikana kama His Master's Voice. Kazi ikapokelewa vizuri kuliko ilivyotarajiwa, na wakarudi huko kurekodi tena. Idadi inayotajwa na waandishi wa historia yake ni kama santuri 72,000 zilizouzwa kufikia mwaka 1931. Fikirieni hesabu hiyo kwa pwani ya wakati ule, ambapo mashine yenyewe ilikuwa mali ya mtu mmoja mtaani na wengine wote walikuwa wasikilizaji wa barazani.

Nilimuuliza bibi mmoja jirani yetu hapa Utende, ambaye jioni hukaa nje akisuka ukili, kama anamfahamu Siti binti Saad. Alicheka, akaniambia, Frateri, wewe unauliza kama unauliza jina la mtu wa mbali. Yeye hakuwahi kumwona, lakini akiwa mtoto aliwasikia wakubwa wakiimba nyimbo zake wakati wa kusuka, na kwa muda mrefu alidhani ni nyimbo za huku huku Mafia. Mimi naona hiyo ni sifa kubwa kuliko ile ya santuri 72,000.

Sasa nirudi kwenye lile jina la kampuni, maana hapo ndipo ninapokwama kila mara. His Master's Voice maana yake ni sauti ya bwana wake. Alama yao maarufu ni mbwa aliyeinamisha kichwa mbele ya gramafoni, akisikia sauti ya mwenye kumfuga. Kwa Uingereza hiyo ilikuwa picha ya kuchekesha. Kwa Unguja neno bwana lilikuwa na uzito mwingine. Bwana ndiye aliyekuwa na hati. Na wanamchukua nani wa kumtia ndani ya santuri yao? Mwanamke aliyezaliwa akaitwa Mtumwa. Watu wanaweka sindano, wanazungusha, na inayotoka si sauti ya bwana hata kidogo. Ni ya binti wa mfinyanzi wa Fumba, kwa lugha yake, na nyumba nzima imenyamaza kumsikiliza.

Sijui kama yeye au mtu yeyote pale studio alilitazama jambo hilo namna hiyo. Pengine walikuwa wanafikiria joto tu, maana kurekodi kwa siku zile hakukuwa mchezo. Upande mmoja wa santuri ulibeba dakika tatu na ushei. Wimbo wa taarabu wa nyumbani Ng'ambo ungeweza kwenda mpaka watu wachoke, lakini santuri haijui kuongezwa, kwa hiyo wimbo ulikatwa, ukapunguzwa beti, au ukagawanywa pande mbili. Hakukuwa na kurekebisha. Mwimbaji na wapigaji walifanya kazi pamoja kwa mkupuo mmoja, na kosa lilimaanisha kuanza upya. Santuri zenyewe zilitengenezwa kwa utomvu unaotokana na wadudu wa India, mgumu lakini mwepesi kuvunjika. Ikikuponyoka inapasuka kama chungu. Mtoto wa mfinyanzi alikuwa amerudi kwenye biashara ya vitu vya kupasuka!

Wale mnaopenda muziki wa Marekani mtanielewa kirahisi nikiwaambia kwamba hadithi hii ina ndugu zake. Mwaka 1920 Mamie Smith aliimba Crazy Blues, na kampuni zikagundua kwamba Wamarekani weusi watanunua santuri za mtu wao. Mwaka 1923 akafuata Bessie Smith. Kutoka katika mti huo, baada ya vita vya pili, likachipuka tawi ambalo jarida la Billboard lilianza kuliita rhythm and blues katika orodha zake mwaka 1949, mwaka mmoja kabla ya Siti kufariki. Pande zote mbili za bahari ni watoto na wajukuu wa watumwa, ni wanawake wanaotangulia, na ni kampuni zinazofuata pesa bila kujua zinabeba nini. Ila msivute ulinganisho huo mbali sana. Siti hakuiga Marekani, na maqam ya Misri si blues.

Ndani ya santuri zile kulikuwa na mapenzi, kama kawaida ya taarabu. Lakini kulikuwa pia na habari za mahakamani. Maarufu kuliko zote ni Kijiti.

Kisa chake ni hiki. Mwanamke mgeni alikuja Unguja kutoka Dar es Salaam. Alikuwa mjamzito. Alitoka na wenyeji wake usiku kwenda kwenye burudani, na mwanamume aitwaye Kijiti akamchukua, akamnajisi, akamuua. Kisha akatorokea bara. Wanawake wawili waliokuwa na marehemu walifika mahakamani kutoa ushahidi. Kwa kuwa usiku ule kulikuwa na pombe, kesi ikawageukia wao. Muuaji yuko bara anatembea, mashahidi wanafungwa.

Hakimu alikuwa Mwingereza, na hukumu ikaandikwa kwa Kiingereza na kuwekwa kabatini. Wimbo ukaenda mtaani. Uliwataja wahusika na jambo lenyewe, ukaingia kwenye santuri, na watu waliokuwa hawawezi kusoma hata herufi moja ya hukumu wakawa na nakala yao ya kesi. Mimi nimeusikiliza mara nyingi. Mara za kwanza nilifuata fidla tu. Mtakatifu Augustino aliwahi kuungama katika Maungamo yake kwamba alipokuwa akisikia zaburi zikiimbwa vizuri, wakati mwingine uzuri wa sauti ulimshika kuliko maneno, na akaona hapo pana hatari. Kwa Kijiti hatari ni hiyo hiyo. Wimbo ni mtamu. Unaweza kuutikisia kichwa kutoka mwanzo mpaka mwisho huku ndani yake kuna mwanamke aliyeuawa na wengine wawili waliofungwa kwa sababu walisema waliyoyaona.

Na dada zangu mnaosoma hapa mnajua kwamba swali la hakimu yule halijazeeka. Mlikuwa wapi, saa ngapi, mmevaa nini, mmekunywa nini? Linaulizwa kituoni, linaulizwa nyumbani, na tuseme ukweli, linaulizwa hata kwenye vikao vyetu vya vijana parokiani. Siti alikuwa amelijibu kabla ya 1930, tena bila kumtukana mtu. Alilipanga tukio kwa mfuatano wake, akamwachia msikilizaji aone mwenyewe nani yuko jela na nani yuko nje.

Enzi ile ya santuri haikudumu. Kufikia 1930 kampuni za Columbia na Odeon nazo zilikuwa zimeingia kwenye soko la pwani, lakini mdororo wa uchumi wa dunia ukafika mpaka kwenye bei ya karafuu, na mwenye shamba asiyeuza karafuu hanunui santuri. Siti akaendelea kuimba nyumbani na harusini. Nyuma yake wanawake wa Ng'ambo wakaanza vikundi vyao wenyewe vya taarabu. Muziki uliokuwa wa wanaume wa jumbani ukawa wa akina mama wa mtaani, na mpaka leo taarabu ukiitaja, mtu anamfikiria mwanamke mwenye kipaza sauti.

Karibu na mwisho wa maisha yake alitembelewa na Shaaban Robert, mshairi wa Tanga. Alizungumza naye, na baadaye akaandika Wasifu wa Siti Binti Saad, kitabu ambacho wazazi wenu wengi walikisoma shuleni. Kukipata siku hizi ni kazi, lakini ukikiona kwenye meza ya vitabu vya mitumba usikipite. Kuna sehemu ambazo Shaaban anampamba kupita kiasi, kama mwandishi anayempenda mtu wake. Hata hivyo huwezi kupuuza uamuzi wenyewe: katika wakati ambapo wasifu uliandikiwa masultani, magavana na wamisionari, gwiji wa Kiswahili aliona kalamu yake impe heshima hiyo muuza vyungu.

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Miaka 38 baadaye, Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilipotaka jina la jarida lake la kutetea wanawake, kiliita Sauti ya Siti. Fatuma binti Baraka, yaani Bi Kidude, ambaye tangu usichana alijifunza kwa kumsikiliza Siti, alizibeba nyimbo zake hadi kwenye majukwaa ya Ulaya, na akaendelea kuimba karibu mpaka alipofariki Aprili 2013, bibi kizee mwenye sauti ya kukwaruza na sigara mkononi.

Baadhi ya rekodi za Bombay zimehifadhiwa, na siku hizi unaweza kuzipata hata kwa simu, bando likiruhusu. Mtasikia kwanza mkwaruzo wa sindano, kama mafuta yanayokaanga. Msikate tamaa, baada ya sekunde chache sikio linazoea. Kiswahili chake ni cha Unguja cha karibu miaka mia iliyopita na maneno mengine yatawapita, kwa hiyo mkae na mtu mzima awafafanulie. Huku Utende mimi humpelekea simu yule bibi wa ukili. Tulipofika kwenye Kijiti aliniomba niirudishe mwanzo, akaacha kusuka, akaanza kunieleza mmoja mmoja nani ni nani.